Naomba ushauri: filamu za kutisha zisizotegemea damu

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mke wangu anapenda filamu za kutisha, lakini hawezi kabisa kutazama watu wakichinjwa; hujifunika uso kwa khanga mpaka tukio lipite. Juzi tulitazama The Changeling, filamu ya Kanada ya mwaka 1980 iliyoongozwa na Peter Medak, ambamo George C. Scott ni mtunzi wa muziki aliyefiwa na mke na binti yake katika ajali, kisha akahamia peke yake katika jumba la kale mjini Seattle. Kuna mahali anapoutupa mtoni mpira mdogo wa marehemu binti yake, anarudi nyumbani, na mara mpira uleule unashuka ngazi ukidundadunda, umelowa maji. Hapo hapana hata tone la damu, lakini mke wangu alinishika mkono hadi ukafa ganzi. Inanisikitisha kwamba filamu nzuri namna hii hutajwa kwa nadra.

Je, ni zipi nyingine, hata za zamani, ambazo hofu yake hujengwa taratibu kwa ukimya na sauti? Tena, kwa kuwa ndani ya The Changeling kuna mtoto anayeuawa, mnaonaje kijana wetu wa miaka 13 akiitazama?