Niuze Brno na CZ zangu nikachongeshe bunduki moja, au nibaki nazo?

Kongoni_Rungwa

Wakuu, habari za leo. Jambo hili nimelala nalo na kuamka nalo tangu tulipofunga kambi. Naomba mawazo, hasa ya wale wanaobeba bunduki porini kwa kazi.

Mimi ni mwindaji bingwa, huu unakuja msimu wangu wa 14. Mingi nimeifanya pori la akiba la Rungwa, miwili lile la Moyowosi. Nina bunduki tatu na zote ni za kiwandani. Ya kwanza ni Brno ZKK 602 ya .375 H&H, ya miaka ya 1970, niliyouziwa na familia ya mzee aliyenifundisha kazi baada ya yeye kufariki. Ya pili ni CZ 550 ya .416 Rigby niliyoinunua mpya (namba hizo ni kaliba, upana wa risasi kwa inchi). Ya tatu ni .30-06 ya kutafutia nyama ya kambi na chambo cha chui. Hiyo ya tatu haimo kwenye swali.

Mgeni wangu mmoja ana fundi huko kwao Ujerumani anayechonga bunduki kwa oda. Mtambo mpya (sehemu ya kupakia na kufyatulia) wa aina ya Mauser 98, mtutu wa .416, mbao ya mjozi iliyokatwa kwa vipimo vya mwili wangu. Alinionyesha yake, nikaiinua begani nimefumba macho, nilipofumbua nikakuta alama za kulengea zimekaa pale pale. Sijawahi kushika kitu kama kile. Bei ni dola 11,000 bila usafiri wala vibali, na kusubiri ni miezi 18. Nitaipata nikiuza Brno na CZ zote mbili na kuongezea akiba niliyoiweka kwa ajili ya kisima cha nyumbani.

Sasa kinachonisukuma. Septemba mgeni alimpiga nyati nyuma kidogo ya bega. Tulimfuata zaidi ya saa mbili, damu inapungua, majani yanazidi kurefuka. Akatoka ubavuni, hatua kama 20. Nilikuwa na Brno. Nikasukuma sefti (kifungo cha usalama) mbele, nikavuta kifyatuo, kimya. Wanaoijua Brno ya zamani wameshaelewa: ile ukiipeleka sefti mbele umefunga, ya kufyatua unairudisha nyuma. CZ ni kinyume chake, na nilikuwa nimebeba CZ wiki tatu mfululizo. Nilikuwa nasukuma kitu kilichokwisha kuwa mbele. Mgeni ndiye aliyemwangusha, hatua nane kutoka aliposimama mfuata nyayo wangu.

Tangu siku hiyo nataka bunduki moja tu, iliyotengenezwa kwa ajili yangu. Nakosea?

Mchunga_Mbungo

Pole sana mkuu. Mungu ni mwema.

Mimi ningebaki nazo. Nyati tunampiga hatua 30 hadi 80. Hakuna kipimo cha Ujerumani kitakachokuongezea kitu kwa umbali huo kama bunduki yako inapiga inapoelekezwa.

Mtanga_Texas

Salaam kutoka huku. Nitasema upande wa pili, maana nimeupitia na sijutii.

Bunduki yangu ilianza kama Remington 700 ya kawaida ya dukani. Fundi aliufungua mtambo, akauweka kwenye mashine ya kukerezea na kuunyoosha, akasawazisha meno ya bolti (chuma kinachosukuma risasi chumbani) hadi yote mawili yakabeba uzito sawa, halafu akafunga mtutu wa Krieger wa .300 Winchester Magnum. Chumba cha risasi alikichonga kikae kwenye mstari mmoja na tundu la mtutu. Ukijumlisha na kitako kipya (sehemu inayoegemea begani), nilitumia dola 4,600 na nikasubiri miezi 11. Leo risasi tatu kwa yadi 100 nazifunika kwa sarafu moja.

Tofauti si sarafu tu. Nikikosa, najua ni mimi. Bunduki ya kiwandani hupimwa imtoshe kila mtu, kama suruali ya mtumba, na wakati mwingine unabahatika. Hii nilishonewa.

Ila niseme ukweli: mimi napanda Colorado kila Oktoba kutafuta elki (kulungu wakubwa wa huku), napiga mita 300 na zaidi, nimelala chini, nina muda wa kuhesabu upepo. Kazi yako siyo hiyo.

Babu_Palahala

Mwanangu Kongoni, namshukuru Mungu umebaki kutuandikia, na huyo mfuata nyayo wako pia.

Nimefanya kazi hii misimu 31 kabla magoti hayajakataa. Nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta mahali bunduki ilipokukosea, sijapaona. Brno ilifanya kile ilichotengenezwa kufanya. Mkono wako ulifanya kile ulichozoea wiki tatu. Kilichotaka kukuua ni sefti mbili zinazopingana kwenye mikono ya mtu mmoja.

Tuseme umeleta hiyo ya dola 11,000. Siku imepata hitilafu, au iko kwa fundi, au mgeni amebanwa na unampa yako, wewe utaazima ya nani? Itakuwa na sefti ya aina gani? Mtu wa kazi hii hawezi kuwa na bunduki moja kubwa. Anatakiwa awe na mbili zinazofanana hadi gizani asijue ipi ni ipi.

Nilibeba 602 miaka 19. Ule mtambo ni mrefu, unameza .375 na hata Rigby bila kulazimishwa. Kucha yake ndefu inalidaka ganda tangu linapotoka kwenye magazini, kwa hiyo hata ukiwa umejipinda au umelala chali haliponyoki. Hilo ni jambo la Mauser wa 1898 na hadi leo sijaona lililo bora kwa nyati. Huyo fundi wa Ujerumani atakuchongea mtambo wa asili ile ile uliyonayo tayari. Ya mzee wako usiiuze.

Kongoni_Rungwa

Shikamoo Babu. Nimeyapokea. Lakini hiyo sefti ya Brno inabadilishika? Niliambiwa mjini kwamba haiwezekani. Tena fundi huyo huyo niliyemwachia CZ ilipoanguka kutoka kwenye gari alipaka gundi kwenye ufa wa mbao na kuufunika kwa rangi. Ufa umerudi, unaanzia nyuma ya mtambo kushuka kwenye mshiko. Nilikuwa sijataja hilo.

Babu_Palahala

Marahaba. Inabadilishika. Yangu ilibadilishwa. Ngoja waje mafundi wakueleze.

Fundi_Mjozi

Nipo. Nimerekebisha mitambo hii kwa miaka mingi, nina leseni ya kazi hiyo, kwa hiyo nitaeleza kirefu kidogo.

Sefti kwanza. Zipo za nafasi tatu, za mtindo wa Winchester Model 70, zinazokaa nyuma kwenye bolti yenyewe na kuikamata pini ya kupigia. Hizo ni salama kuliko zinazozuia kifyatuo peke yake, kwa sababu bunduki ikidondoka pini haina pa kwenda. Zinatengenezwa kwa ajili ya mitambo ya Brno na CZ, na zote zinafunguka kwa kusukuma mbele. Funga kwenye zote mbili kwa siku moja, uwe umemaliza ugomvi wa mikono yako.

Ufa wa CZ. Mbao kupasuka nyuma ya mtambo kwenye bunduki ya teke kubwa (inavyorudi nyuma ikifyatuliwa) mara nyingi maana yake ni kwamba teke linapokelewa mahali pasipostahili. Chini ya mtambo kuna kijino kinachotakiwa kuegemea mbao sawasawa. Kikiwa na nafasi hata ya unene wa karatasi, mtambo unarudi nyuma kila ukipiga, na mkia wake unapasua mbao kama kabari. Kuanguka kwako kulifungua njia, kila risasi baada ya hapo imekuwa ikiipanua. Gundi ya juu haisaidii. Inabidi kufungua, kusafisha mafuta yaliyonywewa na mbao, kupitisha vyuma viwili vya kukaza ubavu hadi ubavu, kisha kumwaga epoksi (gundi inayoganda ikawa ngumu) nyuma ya kijino kile ili kiegemee eneo lote, na kuacha upenyo mdogo nyuma ya mkia wa mtambo. Usifyatue tena .416 hiyo kabla ya hayo.

Sasa hilo la kuinua begani umefumba macho. Hapo ndipo pesa ya kuchongesha ina maana, na sikulaumu kuvutiwa. Lakini kilichokufurahisha pale si chuma, ni vipimo vya kitako. Pima kutoka kwenye kifyatuo hadi mwisho wa kitako kwenye Brno yako, halafu kunja kiwiko nyuzi 90 upime kutoka kwenye mkunjo wa kiwiko hadi kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada. Nipe namba zote mbili.

Nyota_ya_Moyowosi

Kaka Kongoni, mimi sibebi bunduki, nashughulikia vibali na mizigo ya kampuni za uwindaji, kwa hiyo naona upande wa makaratasi.

Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha haihami mkono kwa mkono kama pikipiki. Anayenunua lazima awe na ruhusa yake, kila namba ya silaha ina leseni yake, na ya kutoka nje inahitaji kibali cha kuingiza kabla haijasafiri. Ukiuza zote mbili leo na ya oda ikachelewa, Julai 1 utaanza msimu na .30-06 peke yake. Na wewe wajua kwa nyati na tembo .375 ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa.

La pili. Kulikuwa na mwindaji wetu aliyechongesha .404 nje, kazi nzuri ya kuangalia hata mimi nisiyejua nilisimama. Chumba cha risasi kilikuwa kimebana sana. Kwenye meza ya shabaha kule ilikotengenezwa ilipiga vizuri ajabu. Huku, na vumbi la Moyowosi na joto la Oktoba, wiki ya pili risasi zikawa haziingii hadi apige bolti kwa kiganja. Aliirudisha ilikotoka, ikakaa huko msimu mzima. Alimaliza kazi kwa bunduki ya kuazima.

Mtanga_Texas

Dada Nyota amesema la maana. Huku tunabana chumba ili risasi ikae katikati na kupiga kundi dogo. Kwa nyati ningemwambia fundi asibane kabisa. Kongoni, ukichongesha siku moja, hilo liandike kwenye oda kwa wino.

Chambo_cha_Chui

Mimi nasema uza CZ ubaki na Brno, ununue .375 ya pili inayofanana. Kaliba moja, begi moja la risasi. Ya .375 H&H ipo tangu 1912 na ndiyo risasi kubwa iliyo rahisi kuipata popote. Mgeni akisahau zake unamgawia.

Mchunga_Mbungo

Nakubali kuhusu risasi, ila usiidharau Rigby. Ile inatupa risasi ya gramu 26 kwa mita zaidi ya 700 kwa sekunde, na ganda lake kubwa lilibuniwa 1911 ili kordaiti (baruti ya enzi hizo) isipandishe presha kupita kiasi kwenye nchi za joto. Bolti inafunguka laini jua la saa nane. Nyati aliyejeruhiwa akija mbele yangu, mimi ningetaka .416.

Kongoni_Rungwa

Fundi, nimepima. Brno ni sentimita 37.2, kumbe yule mzee alifunga mpira mnene nyuma na alikuwa mrefu kuliko mimi. Kiwiko changu kinatoa 34.

Wakuu, niseme lililo moyoni. Nilipoandika uzi huu nilikuwa nimeshaamua, nilitaka mtu aniambie nenda. Ile mbao ya mjozi ilinikaa kichwani. Na nilikuwa naogopa kuishika Brno tena, nikiitazama naona yale majani. Nilidhani nikiiuza na yale yataondoka.

Babu_Palahala

Hofu hiyo nimewahi kuwa nayo. Haiuziki. Inaondoka kwa mazoezi. Ukishafungiwa sefti mpya, kila jioni, bunduki tupu, chumba umekikagua mara mbili: inua, sukuma, lenga, fyatua. Mara 50, leo Brno kesho CZ, hadi siku ya kwanza ya msimu.

Fundi_Mjozi

Sentimita tatu zinazidi, huo ni mkono wa koti zima. Kitako kinakunasa kwapani ukiwa na haraka. Ondoa mpira, tukate, tufunge mwembamba. Kwa bunduki mbili, sefti, kukata kitako, na epoksi ya CZ, hutafika hata robo ya zile dola. Zikibaki, chimba kisima.

Sehemu za akiba ununue sasa. CZ 550 haitengenezwi tena, na Brno ndiyo zaidi. Kwa kila moja weka kucha ya bolti, pini ya kupigia na springi yake.

Kongoni_Rungwa

*Wiki saba baadaye*

Wakuu, narudisha mrejesho. Kazi zote mbili zimeisha. Brno sasa inakaa begani bila kuitafuta. CZ nimeipiga risasi 30, mbao haijasogea. Kwa mita 50, risasi tatu ngumu za kupenya na tatu laini za kutanuka zote zimekaa ndani ya kiganja.

Jana mfuata nyayo wangu alikuja nyumbani. Nilimwekea zote mbili mezani, tupu, bolti wazi. Alifunga bolti, akasukuma sefti ya Brno mbele, akairudisha, akahamia CZ, akasukuma mbele. Alirudia hivyo muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akauliza tunaondoka lini.

Nimemwambia Juni 24, kutengeneza barabara za kitalu kwanza.

Fundi, springi za Brno nimepata mbili. Kucha bado. Ukisikia mwenye nayo, nijulishe.