Loji isiyotambuliwa: nani mwenye kuamua?

Swali: Wanajamvi, loji (kikundi cha mahali) ya Wamasoni, yaani Freemasons, huhesabiwa kuwa si halali kwa kigezo gani, ilhali hakuna mamlaka moja inayowatawala wote duniani?

Jibu: Kila Loji Kuu, yaani chombo kinachosimamia loji za nchi au jimbo, huamua yenyewe. Grand Orient ya Ufaransa, chombo kikuu cha Wamasoni huko, ilipoondoa sharti la kumwamini Mungu mwaka 1877, Loji Kuu ya Uingereza iliacha kuitambua.

Jibu: Tusichanganye mambo, ndugu. Prince Hall na wenzake weusi wa Boston walipewa hati ya kuunda loji kutoka London mwaka 1784, kwa hiyo asili yao ilikuwa halali. Hata hivyo Loji Kuu za Wazungu wa Marekani ziliwakataa kwa vizazi vingi, na Uingereza haikuitambua Loji Kuu yao ya Massachusetts hadi 1994. Huo ulikuwa ubaguzi wa rangi.

Jibu: Le Droit Humain, jumuiya ya Wamasoni iliyoanzishwa mwaka 1893 kwa wanawake na wanaume pamoja, nayo haitambuliwi na Loji Kuu ya Uingereza.