Naomba ushauri: mvinyo wa Bourgogne kwa samaki wa kupaka

Habari zenu wakuu. Niko Dijon, Ufaransa, kimasomo, na Jumamosi nawapikia wenyeji wangu samaki wa kupaka. Nataka mvinyo mweupe wa Bourgogne, eneo la huku, ila kanda zake zinanichanganya. Zabibu ni ileile, Chardonnay, lakini Chablis, kaskazini kwenye baridi, ni mkavu (yaani hauna utamu wa sukari), mchachu, una ladha kama ya chaki. Meursault, kule Côte de Beaune katikati ya Bourgogne, hukaa kwenye mapipa ya mwaloni. Ni mzito, unanukia siagi na njugu, na bei yake inauma. Mâcon wa kusini una ladha ya matunda yaliyoiva na ni nafuu. Tui langu ni zito, na ndimu natia ya kutosha. Nahofia Meursault utamfunika samaki. Wenye uzoefu, mngechukua upi?