Mjadala: Ada ya kwenda kufanya kazi nje ilipwe na nani?

HOJA: Wakala wa ajira aruhusiwe kumtoza anayekwenda kufanya kazi nje, hata kwa ukomo? Na deni la ada hiyo likatwe kwenye mshahara?

WAKALA: Marufuku ya moja kwa moja ni kujidanganya. Pasipoti, vipimo vya afya, viza na tiketi haviji bure. Mwajiri akibanwa atahamia nchi isiyobana, na dalali wa mtaani atapokea fedha bila risiti. Ufilipino waliweka ukomo: ada isizidi mshahara wa mwezi mmoja, na mabaharia na wafanyakazi wa nyumbani wasitozwe. Ukomo unakagulika.

MKAGUZI WA KAZI: Mkuu, ukomo hubana kile kilichoitwa ada tu. Kilichobaki hubadilishwa jina: mafunzo, dhamana, mkopo wa maandalizi. Ndiyo maana Shirika la Kazi Duniani (ILO), kwenye ufafanuzi wa ada na gharama za ajira iliouchapisha mwaka 2019, lilitaja pia vipimo, bima, mafunzo, vifaa, safari na karatasi. Mkataba wake Na. 181 wa 1997, ibara ya 7, unamkataza wakala kumtoza mfanyakazi, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Ni kweli ibara hiyohiyo inaruhusu nchi kuyatoa makundi fulani ya wafanyakazi kwenye katazo hilo baada ya mashauriano, na hapo ndipo mawakala wengi hupenyea. Lakini angalia baharini: chini ya mkataba wa ILO wa kazi za baharini wa mwaka 2006 baharia hujilipia cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti tu, viza ni ya mwenye meli. Meli zinaendelea kupata watu.

MHASIBU WA MISHAHARA: Mnabishana kuhusu ada wakati balaa liko kwenye riba. Chukua deni la mishahara sita kwa riba ya 5% kwa mwezi. Riba ya mwezi mmoja ni 30% ya mshahara. Mwajiri akikata 30%, miaka miwili inakwisha na deni halijapungua hata senti. Hapo malazi na chakula havijakatwa.

Na mwajiri hana ruhusa ya kukata hivyo kwenye nchi iliyoridhia Mkataba wa ILO Na. 95 wa 1949: ibara ya 9 inakataza makato ya kulipia kupata kazi au kubaki nayo. Ndiyo maana kwenye hati ya mshahara utaona "advansi", kamwe si "ada". Uliza hiyo advansi ilitolewa lini na nani alisaini kuipokea. Msidanganyike na mshahara kupita benki pia. Falme za Kiarabu zilianza mfumo huo 2009, Qatar 2015. Unanasa mshahara usiolipwa, haunasi uliorudishwa kwa mwajiri mkononi, wala kadi ya benki inayokaa kwa msimamizi.

WAKALA: Haya, mwajiri alipe vyote. Atashika pasipoti, ataandika "ukiacha kabla ya miaka miwili, rudisha gharama". Deni limehama mfuko tu.

MKAGUZI WA KAZI: Hapo umesema kweli, na sheria nyingi zinalisahau. Sharti hilo lipigwe marufuku pamoja na ada. Kushikiliwa hati na kufungwa kwa deni vyote vimo kwenye viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vya ILO. Na kampuni yenye leseni iwajibike kwa dalali wake. Leo ikiulizwa husema "hatukupokea", na haidanganyi, kwa kuwa aliyepokea ni dalali.

MHASIBU WA MISHAHARA: Anayedai kurudishiwa fedha atenge mafungu matatu: alichotoa, riba, na makato. Wengi hurudishiwa fungu la kwanza tu. Atunze ujumbe wa muamala wenye jina la mpokeaji, na picha ya mkataba aliosaini kabla ya kusafiri, maana akifika anaweza kupewa mwingine wenye mshahara mdogo.

WAKALA: Na aliyekopa kwa mtu asiyeandika chochote?

MKAGUZI WA KAZI: Wahojiwe waliopita njia ileile mwaka uleule, kipatikane kiwango kimoja, walipwe wote kwa hicho. Inawezekana mnunuzi akibana: Marekani ilipozuia glavu za Top Glove ya Malaysia mwaka 2020, kampuni hiyo ilianza kuwarudishia wafanyakazi ada walizotoa.