Mrejesho: Indiketa za LED zimetulia, ila balbu moja imenishinda

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuwepo: nilifunga balbu za LED kwenye indiketa zote nne za gari langu, zikaanza kupepesa mbio mbio. Mkanielewesha kwamba balbu ya kawaida inakula wati 21, LED inakula chache mno, hivyo flasha (kile kifaa kinachozipepesa indiketa) inadhani balbu imeungua.

Nilianza na rezista, zile za kula umeme wa ziada ili flasha idhani ni balbu ya kawaida, omu 6 za wati 50, moja kwa kila balbu. Mwendo ukarudi sawa. Lakini siku moja nimepaki Uyole, hapa Mbeya, ukungu umetanda, hazadi (indiketa zote nne kwa pamoja) inawaka, nikasikia harufu ya plastiki. Fungua buti: rezista imefungwa juu ya nyaya na ganda la waya limeanza kulainika. Nilipogusa tu, kidole kikababuka. Nikazing'oa zote siku ileile.

Mzee uliyesema tangu mwanzo nibadilishe flasha, shikamoo. Nimepata ya LED, ya pini tatu, pale Mwanjelwa. Ya zamani ilikuwa chini ya usukani, kazi ya dakika kumi. Zinapepesa vizuri kabisa. Kasoro yake haina ule mlio wa tik-tik, nimeshatembea na indiketa inawaka hadi Mafiati bila kujua.

Iliyonishinda ni ya nyuma kulia. Ilikuwa haiwaki, nikaigeuza kama mlivyoelekeza, maana LED ina chanya na hasi, ikawaka, ila kila tuta inazima. Soketi imeliwa na kutu. Kwa sasa nimerudisha balbu ya kawaida hapo, na flasha mpya haijalalamika.

Asanteni sana.