Watu wa TEHAMA mnaoishi mbali na kazi, kichwa kinapumzika saa ngapi? Tupeane uzoefu

Mtu wa Chanika (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Leo kwenye gari, pale Gongo la Mboto, kulikuwa na dada amesimama mbele yangu. Mkono mmoja bomba, mkono mmoja simu, anamwelekeza mtu ofisini namna ya kuwasha upya sava. "Ya juu usiiguse. Zima ya chini. Subiri taa ya kijani." Konda anadai nauli, yeye anamwambia subiri kaka, miamala ya watu imekwama. Gari zima tukanyamaza tunamsikiliza. Alipomaliza akaegemeza paji la uso kwenye mkono ulioshika bomba, akafumba macho mpaka Pugu.

Mimi naandika programu, kazi iko Kijitonyama na nyumba iko Chanika. Natoka kabla ya adhana ya alfajiri, narudi watoto wamelala. Mkataba unasema kazi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Saa za barabarani hazimo, wala simu za usiku hazimo. Nyie wenzangu mnaishije? Kichwa chako kinazima saa ngapi?

Rangi Tatu
Changu hakizimi mkuu. Juzi nimeota foleni ya Mtoni na ndani ya ndoto bado najibu barua pepe.

Mama Wawili
Umenigusa pabaya. Niko upande wa huduma za fedha kwa simu, sitaji wapi. Mishahara ikiingia mwisho wa mwezi sisi hatulali. Mwanangu wa miaka minne anaujua mlio wa simu ya kazini, anautofautisha na wa simu yangu. Ukilia tu anaingia chumbani, anachomoa chaja ya kompyuta, anaiburuta mpaka sebuleni ananiletea. Hajafundishwa na mtu. Baba yake alicheka. Mimi nilijifungia bafuni nikalia.

Kazi naipenda, naomba nieleweke. Kinachonichosha ni kupanda kitandani hujui kama usiku huo ni wako.

Kibada
Hapo mwishoni nakazia.

Mzee wa Kazi
Vijana mmezidi kulalamika. Wahitimu wamejaa mtaani wanaililia hiyo nafasi unayoichoka. Sisi mwishoni mwa 1999 tulilala ofisini tukisubiri mwaka 2000 uingie tuone kama mifumo itaanguka. Hakuna aliyefungua uzi.

Rangi Tatu
Shikamoo mzee. Swali moja tu, mwaka huo ukishatoka ofisini walikuwa wanakupataje?

Mzee wa Kazi
Marahaba. Kama ni dharura walimtuma dereva.

Rangi Tatu
Basi kwangu dereva anagonga mlango usiku kucha, na asubuhi namkuta ndani ya daladala.

Mzee wa Kazi
Bado una mshahara. Usiutukane.

Mama Wawili
Nani kautukana mshahara? Tunaongelea usingizi hapa.

Fundi Nyaya
Nilikuwa nasoma kimya, ila huyo dada wa Gongo la Mboto kanirudisha mbali. Mnivumilie kwa urefu.

Mnaikumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilivyopotea? Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, Afrika Mashariki tukayumba. Wengi mlikosa WhatsApp, mkalalamika, mkalala. Mimi ni mtu wa mitandao. Siku hiyo tulikuwa Mlandizi kwenye kisomo cha arobaini ya baba yangu mzazi. Pilau iko motoni, shehe ameshaanza, simu inatetemeka ndani ya mfuko wa kanzu. Nikatoka nje ya turubai. Mkuu wangu akaniuliza uko wapi, nikamweleza. Akasema pole, mkimaliza dua njoo. Kabla sijarudi kukaa akapiga tena. Dua sikuimaliza. Nilidandia bodaboda mpaka barabara kuu, nikasimamisha basi linalotoka Morogoro, nikaingia ofisini na kanzu ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa kupitisha watu kwenye njia chache zilizobaki. Njia ni nyembamba na wateja wote wanataka kupita. Unakaa unaamua nani apewe kidogo kilichopo, na uliyemnyima anakupigia anakutukana, hajui kwamba hata kwenu unatafutwa. Tulilala kwenye makaratasi ya maboksi chini ya meza. Ndugu zangu wa Mlandizi mpaka leo wapo ambao hawanisemeshi vizuri kwa kuondoka siku ile.

Mwili ulivumilia mpaka mambo yalipotulia, ndipo ukaanza. Asubuhi moja natoka Kibaha, gari limejaa, foleni imetufunga Kibamba. Simu haikulia. Narudia, haikulia. Lakini niliihisi inatetemeka pajani. Naitoa, hakuna kitu. Nairudisha, inatetemeka tena. Kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, sauti ya konda nikaisikia kama anaongea akiwa ndani ya pipa. Nikajua ndiyo moyo huu, nakufa, na ada ya watoto sijalipa. Kuna mama muuza maandazi alikuwa na ndoo yake. Akanivuta akanikalisha juu ya ndoo, akanifungua vifungo vya shati, akawa ananipepea kwa mfuniko huku anamfokea konda afungue mlango.

Hospitali wakapima moyo, mzima. Presha na sukari pia hazina neno. Daktari kijana akaweka karatasi pembeni akaniuliza, "Mara ya mwisho kulala bila simu kichwani pako ni lini?" Nikashindwa kumjibu. Akanieleza kwamba lile lilikuwa shambulio la hofu, akaniandikia nikamwone mtaalamu wa saikolojia. Nyumbani mama akasema ni jicho la watu, shemeji akasema nimeingiliwa. Sikubishana na mtu. Nilisomewa dua na kliniki nikaenda.

Bado nipo kazini palepale. Kilichobadilika ni zamu. Sisi wa mitandao tulikaa tukaandika ratiba, simu ya zamu ni moja, inakabidhiwa mkononi kila Ijumaa. Aliyekabidhi anarudi kwake na simu yake binafsi tu, na hakuna ruhusa ya kumtafuta. Mkuu wetu aliikataa ile karatasi. Aliikubali baada ya mwenzetu mmoja kuacha kazi.

Kibada
Mkuu pole sana. Nimesimama kituoni nasoma, gari limenipita.

Mama Wawili
Pole kaka yangu. Na pole ya baba. Yule mama wa maandazi ulimpata tena?

Fundi Nyaya
Nilimtafuta nikampata, anapandia Kwa Mathias. Aliponiona alisema tu, "Umenenepa kidogo, afadhali."

Nesi wa Temeke
Mimi ni mtu wa afya, naongeza mawili. La kwanza, kifua kikibana usijiambie ni hofu tu kwa sababu umesoma hapa. Nenda kapimwe moyo kwanza, kama alivyofanyiwa huyu. La pili, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliuingiza uchovu huu likaueleza kama jambo la kazini, linalotokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Halikuuita ugonjwa. Kwa hiyo ukimeza dawa za usingizi huku ratiba ni ileile, unarudi palepale. Na anayewaza kujidhuru asisubiri ratiba ibadilike. Amwambie mtu leo, na hospitali za rufaa zina watu wa afya ya akili.

Sinza Kwetu
Mbona jibu ni rahisi. Hamieni karibu na kazi. Mimi natembea kwa mguu.

Mtu wa Chanika
Nyumba nimejenga Chanika, watoto wanasoma Chanika. Sinza mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Nikiilipa, nile nini?

Sinza Kwetu
Pangisha ya Chanika.

Mtu wa Chanika
Kodi ya nyumba nzima Chanika hailipi vyumba viwili Sinza. Una watoto?

Sinza Kwetu
Sina.

Kibada
Haya tuendelee.

Kijana wa Kitengela
Sasa watu wangu wa Dar. Huku Nairobi tunawasoma. Mimi matatu nimeachana nazo, nafanyia kazi nyumbani kwa kampuni ya Marekani. Nilidhani nimeokoka. Wenzangu wako California, saa nne asubuhi kwao ni saa mbili usiku kwangu, ama saa tatu wakibadilisha saa zao. Mkutano unaanza bibi anapakua chakula. Mchana majirani wanadhani sina kazi, kila mtu ananituma. Nimekaa kwa nyumba mpaka nimesahau sauti yangu. Zile dakika za Mombasa Road ndizo zilikuwa zangu peke yangu, nilikuwa nasikiza mpira na hakuna mtu ananiuliza kitu. Sasa nimekodi meza kwa ofisi ya watu wengi hapa Kitengela, natembea asubuhi kwenda na jioni kurudi. Usingizi umerudi kiasi. Kwa hivyo msiharakishe kuomba kazi ya nyumbani mkidhani ni dawa.

Rangi Tatu
Wewe mpe mwenzio hiyo kazi ya nyumbani, uje upande gari Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri uone hizo dakika zako.

Mwanasheria wa Bure
Mnahangaika na kuhama nyumba huku sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19: saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Saa za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Kifungu cha 24 kinakupa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kwa wiki. Kuna watu hawaguswi na saa hizi, wale wanaosimamia wengine na kuripoti kwa uongozi wa juu moja kwa moja. Ndiyo maana mtu akikupa cheo cha umeneja, muulize kwanza utamsimamia nani.

Mama Wawili
Saa zangu za ziada nani anaziandika? Tatizo likiisha saa tisa usiku, asubuhi wanasema ahsante kwenye kundi la WhatsApp, wanaweka na maua.

Mwanasheria wa Bure
Andika mwenyewe. Saa uliyopigiwa, saa uliyomaliza, tatizo gani. Ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, daftari lako litaongea.

Rangi Tatu
Na mkataba wa mwaka mmoja mmoja? Ukionekana na daftari, mwakani huongezewi. Nimeliona kwa jirani yangu wa meza.

Mwanasheria wa Bure
Daftari likae nyumbani. Nani kasema uliweke mezani?

Kibada
Mimi nikipanda gari nazima data mpaka nishuke. Wakiuliza nasema chaji imeisha.

Sinza Kwetu
Na siku mfumo ukianguka kweli?

Kibada
Kuna aliye zamu.

Mama Wawili
Wewe unaye. Mimi zamu zote ni mimi.

Mzee wa Kazi
Huyu wa arobaini ya baba yake nimemfikiria tangu mchana. Pole sana mwanangu. Hata sisi wa 1999 msiba uliheshimiwa, dereva hakutumwa matangani. Hilo sikubaliani nalo.

Fundi Nyaya
Ahsante mzee wangu.

Mama Wawili
Fundi, ile ratiba yenu mliiandikaje? Mlimpelekea mkuu kwa barua au kwa mdomo?

Fundi Nyaya
Barua ya ukurasa mmoja, tumesaini wote. Usiende peke yako, dada. Tuliweka majina, wiki, na nani anapigiwa kama aliye zamu yuko njiani. Hicho cha mwisho usikisahau, maana mtu akiwa kwenye gari lazima awepo wa pili. Nimekutumia nakala bila majina kwenye ujumbe wa ndani.

Mtu wa Chanika
Nami nitumie mkuu. Tuko wanne kitengoni, wawili nimeshaongea nao usiku huu, wako tayari kusaini. Wa nne anaogopa, kesho nitapanda naye gari moja.

Kibada
Tunasubiri mrejesho.