Tupeane uzoefu: kusakinisha casacore (programu ya kuchakata data za darubini za redio) kulikutolea jasho wapi?

Mkereketwa wa Redio: Wakuu, leo nimewasha laptopu yenye Ubuntu mpya, nikaandika pip install (pip ni kisakinishi cha Python) kama kawaida, nikatupiwa *externally-managed-environment*, yaani mfumo umekataa pip iguse Python yake. Nikakumbuka mbali. Mliopita mafunzo ya astronomia ya redio mnaijua ile "jioni kila mtu asakinishe casacore kwake, kesho tunachakata data". Kwake kwa bando lipi? Mwageni yenu.

BandoLimekata: Hiyo "kwake" ndiyo iliniua.

Nyota ya Ngong: Nyie mmekuta pip. Sisi tulikompaili wenyewe, yaani kuijenga kutoka kodi. Unaanza na maktaba inazozihitaji: CFITSIO, unaweka WCSLIB, unakuja flex, bison, kompaila ya Fortran, boost kama unaitaka Python, ndipo uiguse cmake, ya kuandaa ujenzi. Ukidhani umemaliza, inadai kingine, tena inakitaja mwishoni kabisa baada ya kukupa matumaini.

Nikafika kwenye make, amri ya kujenga yenyewe. Jamaa wa pembeni akanishauri, "weka -j iende haraka." Hakusema -j ngapi! Bila namba, make inarusha kazi zote kwa mpigo. RAM yangu GB 4. Feni ikavuma, kishale kikaganda, na muziki uliokuwa ukicheza ukakwama kwenye silabi moja, "na-na-na-na", hadi mama akauliza kutoka jikoni kuna nini huko. Nikaizima kwa kitufe.

Usiku nikaandika make -j2, nikalala. Asubuhi asilimia 100! Nafungua data, naambiwa *Leap second table TAI_UTC seems out-of-date*, eti muda unaweza kukosea kwa sekunde moja au zaidi. Yale majedwali ya vipimo (mzunguko wa dunia, sekunde za nyongeza) hayamo ndani ya kodi. Unayapakua kando, unayafungua, halafu kwenye faili la mipangilio ~/.casarc unaandika measures.directory na njia yake. Hakuna aliyetuambia. Na msiidharau hiyo sekunde: dunia inazunguka sekunde 15 za tao (pembe, si muda) kwa muda huo.

BandoLimekata: Na-na-na-na 😂😂

Dada Terminali: Mateso yote hayo ya nini? Conda (kisakinishi kinacholeta programu zikiwa zimejengwa), chaneli ya conda-forge, kwisha.

mzee_wa_apt: Conda inajaza diski kabla hujaona nyota hata moja. Chukua KERN (hazina ya programu za astronomia ya redio), apt install kwa kisakinishi cha Ubuntu, lala.

Dada Terminali: KERN ni ya Ubuntu LTS (matoleo ya muda mrefu), shikamoo mzee. Wa Fedora, Linux nyingine, wale wapi?

mzee_wa_apt: Marahaba. Wahamie Ubuntu.

Kimya Kimya: Ngojeni niwape ya maabara yetu. Kompyuta moja, tunagawana. Mwenzetu mmoja alitaka Python ya zamani, akaona dawa ni kuiondoa iliyopo: sudo apt remove python3. Apt ikamwaga orodha ndefu, ubuntu-desktop imo, gnome imo, ikauliza Y/n. Akabonyeza Y. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika chai. Madirisha yakapotea, skrini nyeusi, kishale kinapepesa. Wi-fi nayo kwaheri. Na humo ndani kuna data za kikundi kingine wanaowasilisha keshokutwa!

Mkereketwa wa Redio: Ikawaje???

BandoLimekata: Usituache hapo mkuu.

Kimya Kimya: Data zilikuwa salama, apt haigusi /home, zinakokaa faili za watumiaji. Tukachomeka waya wa mtandao, Ctrl+Alt+F3 kuingia terminali, sudo dhclient kupata mtandao, kisha apt install ubuntu-desktop, kwa sababu apt yenyewe haihitaji Python. Jamaa aliaga anakwenda kununua maandazi. Hakurudi siku ile.

mzee_wa_apt: Ndiyo maana wameweka hiyo externally-managed. Python ya mfumo si shamba lako. Tengeneza chumba chako: python3 -m venv astro, source astro/bin/activate, pip install python-casacore.

Dada Terminali: Kwa hili nakubali. Na usasishe mara kwa mara.

Nyota ya Ngong: Asisasishe kitu! NumPy 2 (maktaba ya hesabu ya Python) ilipotoka 2024 nusu ya skripti zangu zilikufa. Ikifanya kazi, andika orodha ya matoleo uliyonayo kwa pip freeze > requirements.txt, na usiiguse hadi uwasilishe tasnifu.

BandoLimekata: Na astropy, maktaba ya astronomia ya Python, anayesafiri aweke iers.conf.auto_download = False. Inaweza kuanza kuvuta majedwali na wewe uko kwenye basi.

Mgeni humu: Samahanini, mimi natumia Windows…

mzee_wa_apt: Pole sana.

Dada Terminali: Usimsikilize. Weka WSL (Linux ndani ya Windows), na data zikae upande wa Linux, usizisomee /mnt/c, yaani diski ya Windows, utazeeka. Halafu chukua conda.

mzee_wa_apt: Umeanza tena.